Mboga za Kipupwe kwenye Matuta Yaliyoinuliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa anayelima bustani ya nyumbani au ya kuuzia gengeni katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania: Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya na safu ya Uporoto, kuanzia mita 1,700 hivi kwenda juu. Miezi tunayoizungumzia ni Mei hadi Agosti. Tuta la mfano lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 6. Likiwa kubwa au dogo zaidi, gawa au zidisha vipimo.

Kipupwe mboga si hudumaa tu? Kuna faida gani ya kulima?

Zinapunguza mwendo, hazisimami. Vitabu vingi vya kilimo cha majira ya baridi vimeandikwa Ulaya, ambako Desemba mchana wa London haufikishi hata urefu wa saa 8, na mmea unasimama kwa kukosa mwanga kabla hata haujaguswa na baridi. Njombe mwezi Juni mchana una saa 11 na nusu na zaidi kidogo, na jua mara nyingi ni kali kwa sababu mawingu ni machache. Mwanga tunao wa kutosha. Kinachotutesa ni usiku, ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 10 na mabondeni hufika 0, pamoja na ukame, kwa sababu mvua zimekwisha tangu Mei.

Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye mambo hayo mawili, usiku na maji. Ukiyamudu, utavuna sukuma wiki, kabichi na karoti Julai, wakati bei sokoni iko juu. Na ladha ni nzuri zaidi: karoti na kabichi zilizopigwa na baridi hujikusanyia sukari.

Tuta lililoinuliwa si hukauka haraka? Kwa nini nisilime la kuzama?

Hofu hiyo ni ya kweli. Tuta refu la sentimita 40, kama yale ya kwenye picha za nje, litakausha mboga zako kabla ya Juni kuisha. Linapigwa na upepo pande zote nne, na usiku linapoteza joto pande zote nne pia.

Ila tuta la kuzama lina ubaya wake. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, na hutiririka kama maji kwenda palipo chini. Shimo lolote ni birika la baridi. Tena mboga hupandwa mwishoni mwa masika, na wiki chache za mwanzo shimo hilo hutuamisha maji.

Njia ya kati ndiyo inayofaa: inua sentimita 15 hadi 20 tu, weka ukingo, na acha udongo uwe chini ya mdomo wa ukingo kwa sentimita 4. Mdomo huo unazuia maji yasikimbilie njiani na matandazo (nyasi kavu za kufunika udongo) yasipeperushwe.

Vipimo na mwelekeo?

Upana usizidi mita 1.2, ili ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Njia kati ya matuta iwe sentimita 50, toroli lipite.

Kwa mwelekeo, angalia jua badala ya kushika kanuni. Juni na Julai jua la saa 6 mchana linaegemea kaskazini. Ukuta, mti au ua ulio kaskazini mwa tuta utalitia kivuli karibu msimu wote, lakini ukiwa kusini hauna shida. Kwa hiyo mahali pazuri kuliko pote ni upande wa kaskazini wa nyumba, mita 1 au 2 kutoka ukutani: ukuta wa tofali unapokea jua mchana na kuurudishia tuta joto hilo usiku. Ambao tayari wana bustani upande wa kusini wa nyumba, chini ya kivuli, wapande huko saladi na kitunguu cha majani, wasihangaike na kabichi.

Ukingo nijengee nini?

Mabanzi. Mikoa hii ina viwanda vya mbao, na mabanzi ya mpaina ni rahisi kuliko kitu kingine chochote. Yanadumu misimu 2 hadi 3 kabla ya kuoza upande wa chini. Ya mlingoti hudumu zaidi. Pigilia mambo (vigingi) za sentimita 50 kila baada ya mita 1, nusu ziingie ardhini, na ziwe nje ya ukingo, maana udongo ulioloa unasukuma.

Mawe na tofali za kuchoma ni bora zaidi kwa baridi kwa sababu zinahifadhi joto la mchana. Mianzi mizima inafaa kwa msimu mmoja.

Usitumie vipande vya nguzo kuukuu za umeme au nguzo zilizotiwa dawa, na usipake mabanzi oili chafu ili yasiliwe na mchwa. Sumu hizo huingia kwenye udongo unaolisha mboga za majani. Kama mchwa wanakusumbua, tumia mawe.

Nijaze udongo gani, na kiasi gani?

Hakuna haja ya kununua udongo. Kwa tuta letu la mfano:

1. Pindua ardhi ya eneo la tuta hadi sentimita 30. Udongo uliolegea hupanda wenyewe sentimita 5 hadi 7.
2. Chota sentimita 10 za juu za udongo wa njia za pande zote mbili, utupe ndani ya tuta. Hapo umepata sentimita 8 nyingine.
3. Changanya debe 6 za samadi iliyooza, au mboji, kwenye sentimita 20 za juu. Misimu inayofuata debe 3 zinatosha.
4. Sawazisha kwa reki, mwagilia, na liache tuta lishuke kwa wiki 1 kabla ya kupanda.

Samadi iliyooza ni nyeusi, inapukutika mkononi na hainuki. Samadi mbichi ya kuku ikiwekwa karibu na mizizi itaunguza miche, nayo miche ya kipupwe haina nguvu ya kujirudi haraka kama ya Novemba.

Udongo wetu ni mwekundu na mchachu. Chokaa au majivu?

Chokaa ya kilimo, gramu 200 kwa mita ya mraba, yaani kilo 1.2 kwa tuta, ichanganywe hadi sentimita 15 wiki 3 au 4 kabla ya kupanda wakati udongo bado una unyevu. Chokaa kwenye udongo mkavu hulala tu. Majivu ya jikoni yanasaidia pia, gramu 100 hadi 150 kwa mita ya mraba, mara moja kwa mwaka. Usiyachanganye siku moja na samadi au urea, kwa sababu naitrojeni itaruka hewani.

Kama kabichi zako zilinyauka mchana na mizizi ikawa na uvimbe mnene kama vidole, huo ni ugonjwa unaopenda udongo mchachu na hukaa ardhini miaka mingi. Tia chokaa, hamisha jamii yote ya kabichi kutoka tuta hilo, na usilitembelee tuta la pili kwa jembe lenye udongo wa la kwanza.

Nipande lini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasubiri mvua ziishe, wanasia mbegu mwishoni mwa Mei, na Juni ikifika miche ina majani mawili. Mche huo utakaa vilevile hadi Agosti. Mmea uingie kwenye baridi ukiwa na mizizi na majani ya kutosha. Yale majani ndiyo utakayokuwa unachuma.

Kabichi, sukuma wiki, brokoli na spinachi: sia kitaluni kati ya katikati ya Machi na katikati ya Aprili, hamishia tutani mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei. Karoti na bitiruti: moja kwa moja tutani, zisichelewe kupita katikati ya Aprili. Vitunguu saumu: Machi na Aprili. Saladi na figili: kila wiki 3, tangu Aprili mpaka Agosti, kwa vifungu vidogo vya mita 1.

Njegere zinahitaji hesabu ya peke yake. Mmea wenyewe unavumilia baridi, lakini ua na kitumba changa vikipigwa na jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, vinakufa. Panda mapema Machi ili uchume Mei na mwanzo wa Juni, au subiri mwisho wa Julai ili maua yaje baridi inapokatika.

Pakiti ya mbegu za kabichi ikisema siku 90 tangu kuhamishwa, ongeza wiki 3 hadi 4. Karoti ambazo huota kwa siku 10 zinaweza kuchukua wiki 3, usizifukue kuangalia.

Mboga zipi zinavumilia na zipi niache?

Imara kabisa: sukuma wiki, kabichi, liki, vitunguu saumu, brokoli, karoti zikiwa ardhini. Sukuma za aina ya Thousand Headed na kabichi kama Gloria F1 na Copenhagen Market zimezoeleka madukani.

Zinavumilia ila zihurumiwe usiku mkali: spinachi, bitiruti, saladi, figili, giligilani, koliflawa. Koliflawa ina tabia mbaya: ua likishaumbika, jalidi hulifanya la kahawia. Likifika ukubwa wa ngumi, kunja majani yake ya nje juu ya ua na uyafunge kwa kamba.

Acha kabisa mpaka Septemba: mchicha, matembele, majani ya maboga, maharage, hoho, bilinganya, na nyanya za nje. Mchicha haufi kila mara, lakini hutoa shina jembamba na mbegu ukiwa na urefu wa kiganja. Mnafu uko katikati: unakua taratibu kwenye baridi ya kawaida na kufa usiku wa jalidi.

Nafasi kati ya mmea na mmea?

Kwenye upana wa mita 1.2, sukuma wiki mistari 3, sentimita 45 kila upande. Tuta linabeba mimea 33. Kabichi kubwa mistari 2, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche. Spinachi na saladi mistari 4, sentimita 30. Karoti mistari ya sentimita 20 hadi 25, kina cha sentimita 1, kisha punguza zibaki sentimita 5. Gramu 5 za mbegu zinatosha tuta zima. Vitunguu saumu sentimita 10 kwa 15.

Usibananishe kwa kudhani mimea itakumbatiana na kupata joto. Majani yaliyobanana hayakauki umande hadi saa 5, na hapo ukungu unapata nyumba.

Nimwagilie maji kiasi gani, na saa ngapi?

Baridi inadanganya. Udongo wa juu una umande asubuhi, mtu anaona pameloa, kumbe sentimita 5 chini ni vumbi. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia.

Kiasi cha kuanzia kwa tuta la mita za mraba 6 ni debe 2 na nusu kila baada ya siku 2, yaani takriban lita 50. Wiki ya kwanza baada ya kuhamisha miche, mwagilia kidogo kila siku. Siku za upepo ongeza.

Saa ni kati ya 3 na 5 asubuhi. Jua linapata muda wa kupasha udongo uliolowa, na majani yanakauka kabla ya usiku. Kumwagilia saa 12 jioni, kulikozoeleka sana kwa sababu ndipo watu wanaporudi kazini, kunalaza mimea ikiwa na majani mabichi kwenye hewa inayoshuka. Kama jioni ndiyo nafasi pekee, mwaga maji kwenye udongo kwa kopo, taratibu, bila kugusa majani, na ikiwezekana saa 10.

Udongo wenye unyevu una faida nyingine kubwa: unabeba joto zaidi kuliko mkavu na kulitoa usiku kucha. Kunyeshea tuta vizuri asubuhi ya siku ambayo usiku wake unatishia jalidi ni kinga ambayo haigharimu kitu.

Nitajuaje kama usiku huu jalidi itapiga?

Tazama jioni. Anga jeupe lisilo na wingu, upepo umetulia kabisa, na hewa kavu: hizo tatu zikikutana Juni au Julai, funika. Wingu ni blanketi. Likiwepo, joto la ardhi halipotei. Upepo nao huchanganya hewa ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi.

Kipimajoto ni kitu kidogo chenye msaada mkubwa, lakini kiwekwe kimo cha mboga. Kikiwa ukutani kwa urefu wa kichwa kinaweza kusoma nyuzi 3 wakati jani la tutani limeganda. Baridi kali kuliko zote ni karibu saa 12 asubuhi, muda mfupi kabla ya jua kuchomoza.

Bustani yangu iko bondeni, kwenye vinyungu. Kwa nini napigwa kuliko jirani wa mlimani?

Kwa sababu umefuata maji, na baridi nayo imekufuata huko. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vina unyevu wa asili kiangazi chote, ndiyo maana wazee wa Iringa na Njombe walivichagua, lakini hewa baridi ya mlima mzima humiminikia humo usiku. Tofauti ya mita chache tu za mwinuko inaweza kuwa tofauti ya jani zima na jani jeusi.

Usiviache. Gawa mazao: bondeni weka kabichi, sukuma, liki na vitunguu; saladi, spinachi, njegere na viazi mviringo vipandishe katikati ya mteremko. Angalia pia kama kuna ua mnene wa miti au matete chini ya bustani unaozuia hewa baridi isiendelee kushuka. Ukifungua upenyo wa mita 2 au 3 kwenye ua huo, baridi inapata mlango wa kutokea. Ua ulio juu ya bustani, kinyume chake, unasaidia kuikinga.

Niweke matandazo au nisiweke?

Jibu lina pande mbili. Nyasi kavu za unene wa sentimita 5 huokoa maji mengi, na kiangazi hilo ni jambo kubwa. Lakini nyasi hizo huzuia jua lisiingie ardhini mchana na joto lisitoke usiku. Juu ya matandazo hewa inakuwa baridi zaidi kuliko juu ya udongo mtupu uliolowa. Ndiyo sababu unaona tuta lenye nyasi limekuwa jeupe asubuhi na njia ya pembeni haina kitu.

Kwa kabichi, sukuma, liki, karoti na vitunguu saumu weka matandazo msimu wote. Jalidi ndogo haiwasumbui. Kwa saladi, spinachi na miche midogo, sogeza nyasi kando asubuhi ya siku yenye dalili, mwagilia udongo uchi upashwe na jua, kisha jioni zitumie nyasi hizohizo kufunikia mimea yenyewe. Siku zote acha upana wa vidole viwili kati ya nyasi na shina.

Nifunike na nini, na vipi?

Viroba kuukuu vilivyofunguliwa na kushonwa pamoja ni kifuniko bora kwa bei ya karibu bure. Mashuka makuukuu, mikeka na kitambaa cheupe chepesi cha mazao vinafaa pia. Cha msingi ni fremu, kwa sababu kifuniko kikilala juu ya jani, jani linaganda kupitia kifuniko.

Pinda pao za mianzi au mabomba ya maji ya nusu inchi, kila moja mita 2.5, ingiza sentimita 30 ardhini kila upande. Utapata upinde wenye kimo cha sentimita 60. Weka upinde kila mita 1. Tuta la mita 5 linataka 6. Funga ufito mmoja juu kwa urefu wote, la sivyo kifuniko kitabonyea katikati. Kifuniko kiwe na upana wa mita 2.5, na kingo zake zishikwe chini kwa mawe au mabanzi pande zote. Mwanya wa kiganja upande wa mlimani unatosha kuingiza hewa yote uliyokuwa unaizuia.

Funika saa 11 jioni, tuta likiwa bado na joto la mchana. Ukifunika saa 3 usiku umefungia baridi ndani. Funua kati ya saa 2 na 3 asubuhi.

Nailoni je? Si ndiyo ya kitaalamu zaidi?

Mchana, ndiyo. Usiku, si kama inavyodhaniwa. Nailoni nyepesi ya kawaida hupitisha joto linalotoka ardhini, kwa hiyo usiku mweupe ndani ya handaki la nailoni kunaweza kuwa na baridi sawa na nje. Matone ya maji yanayoganda upande wa ndani husaidia kidogo kuzuia. Nguvu ya nailoni ni kupasha udongo mchana, ili uwe na akiba.

Hatari yake ni jua la Julai. Handaki lililofungwa saa 4 asubuhi linaweza kupika saladi kwa siku moja. Ukiwa na nailoni lazima awepo mtu wa kufungua ncha zote mbili kila siku ifikapo saa 3 na kuzifunga saa 10 jioni. Kama nyumbani hakuna mtu mchana, chagua viroba vya usiku tu. Wenye vyote viwili watandike viroba juu ya nailoni usiku.

Jalidi imeshapiga. Nimwagie maji kabla ya jua?

Maji machache yanayonyunyizwa kisha yakaachwa hayasaidii. Yanapovukiza huchukua joto la jani na kuongeza madhara. Wanaokinga mazao kwa maji hunyunyiza mfululizo bila kukoma mpaka barafu iyeyuke yenyewe, kazi ambayo keni haiwezi. Kinachofaa ni kuzuia jua la asubuhi lisipige majani yaliyoganda: weka kiroba upande wa mashariki na uache yayeyuke taratibu. Usiyaguse wala usichume. Jani lililoganda likiguswa linavunjika ndani.

Baada ya hapo subiri siku 5 hadi 7 kabla ya kukata. Sukuma na kabichi zilizolala asubuhi mara nyingi husimama mchana. Viazi vilivyoungua juu huchipua tena kutoka chini. Usikimbilie kutia urea: chipukizi laini litakalotoka ndilo litakaloungua wiki ijayo.

Majani yamekuwa ya zambarau. Ni ugonjwa?

Mara nyingi ni njaa ya fosforasi. Kwenye udongo wa baridi mizizi haiwezi kuinyonya vizuri, na kwenye udongo mchachu inashikwa na udongo wenyewe. Kinga ni wakati wa kupanda: kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, gramu 5 hivi, kwa kila shimo, kikifunikwa na udongo kidogo kabla ya kuweka mche. Mbolea ya Minjingu inafaa sana udongo mchachu, ila hufanya kazi taratibu, kwa hiyo itie mapema. Mmea ambao tayari ni wa zambarau utapona wenyewe udongo ukipata joto mwezi Agosti.

Kwa nini chainizi na vitunguu vinatoa maua badala ya kukua?

Baridi ya wiki kadhaa inauambia mmea kwamba mwaka umepita, uzae. Chainizi husikia ujumbe huo hata ikiwa mche. Aina ya Michihili isie Februari au subiri katikati ya Agosti, usiisie Mei.

Kabichi na vitunguu husikia pale tu vinapokuwa vimeshakua kiasi. Miche iliyokaa kitaluni mpaka shina likapita unene wa penseli ndiyo inayotoa maua. Hamisha ikiwa na majani 4 hadi 6. Ikishatoa ua hakuna kurudi nyuma. Ivune ule majani.

Wadudu gani wa kuangalia?

Vidukari kwanza. Kiangazi hakuna mvua ya kuwaosha, na wanajaa chini ya majani ya kabichi na sukuma, rangi ya kijivu kama vumbi. Chuma majani ya chini yaliyojaa uyachome. Waliobaki wapulizie maji ya sabuni: mililita 10, sawa na vijiko 2 vya chai, kwa lita 1 ya maji, upande wa chini wa jani, asubuhi jua likiwa bado pole. Rudia baada ya siku 4. Jaribu kwanza kwenye majani machache. Osha mboga kabla ya kupika.

Sota hukata miche usiku usawa wa ardhi. Fukua sentimita 3 kuzunguka mche uliokatwa asubuhi ileile, utamkuta amejikunja. Kwa miche mipya viringisha kipande cha boksi chenye kimo cha sentimita 7 kuzunguka shina, 3 ziwe ardhini.

Fuko?

Wanapenda tuta laini lenye karoti kuliko shamba gumu. Kabla ya kujaza tuta tandika wavu wa kuku wenye matundu madogo chini, upandishe kingo zake sentimita 15 kwenye ukingo. Ukishajaza udongo, kilichobaki ni mtego.

Nataka nyanya za mapema. Naweza kuanza kitalu Julai?

Unaweza, kwa kitalu cha joto. Chimba shimo la sentimita 50. Jaza sentimita 30 za samadi mbichi iliyochanganywa na majani makavu, ya kuku ikiwemo kama ipo, loanisha, kanyaga. Juu yake weka sentimita 15 za udongo mzuri. Samadi itaanza kuchemka. Chomeka fimbo hadi kwenye samadi, iache dakika 10: ukiichomoa na huwezi kuishika, subiri. Ikiwa ya uvuguvugu, kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7, sia nyanya na hoho. Pinda vijiti, weka nailoni na kiroba cha usiku. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha punguza maji na acha wazi mchana kutwa, miche izoee. Hamishia nje Septemba.

Maelezo haya yanafaa Lushoto, Kilimanjaro au Kenya?

Kwa sehemu. Lushoto na miteremko ya kusini ya Kilimanjaro kipupwe chao kina mawingu mengi. Shida ni unyevu na kivuli zaidi ya jalidi. Limuru na Kinangop ni hivyohivyo Julai na Agosti: ukungu, manyunyu, jua adimu. Huko inua tuta sentimita 25 hadi 30, panua nafasi, punguza matandazo na sahau vifuniko vya usiku. Jalidi ya nyanda za juu za Kenya huja hasa Desemba hadi Februari, anga likiwa kavu na jeupe, na wakati huo kila kilichoandikwa hapa juu kuhusu kufunika kinatumika bila kubadilisha neno.

Agosti ikiisha nifanye nini na tuta?

Ng'oa visiki vya kabichi na mizizi yake yote, usiviache vilee vidukari. Sukuma wiki zilizokonda usizing'oe haraka: kata majani ya zamani, tia nusu debe ya samadi kwa kila mita ya mraba, mwagilia, na joto la Septemba litazifufua kwa wiki nyingine 6. Kunja vifuniko vikiwa vikavu, vitundike mahali panya hawafiki. Badilisha mabanzi yaliyooza kabla ya mvua za Novemba, na tuta lililokuwa na kabichi lipe maharage au njegere.